Kuandaa paa la bati kabla ya mvua na upepo, Mtwara

Mkazi wa Mikindani
Wakuu, salaam. Nyumba ni ya tofali, vyumba vitatu, karibu na bahari. Bati ni geji 30, kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa) za inchi 2×4, papi (mbao zinazopigiliwa bati) za inchi 2×2. Upepo ukivuma bati za barazani zinagonga, na misumari kadhaa imeinuka. Nataka kumaliza kazi kabla ya Novemba. Nikiigongelea upya inatosha?

Fundi wa kupaua, Lindi
Haitoshi, mkuu. Tundu likishalegea, msumari uleule utainuka tena. Ung'oe, weka skrubu ya paa nene kuliko msumari huo, yenye mpira. La sivyo ziba tundu kwa silikoni, upige msumari mpya wa inchi 3 kwenye mgongo wa bati unaofuata. Usipige bondeni, maji yote hupita hapo. Usiushindilie pia mpaka mgongo ubonyee: maji yatatuama, mpira utapasuka na kutu itaanzia hapohapo, na chumvi ya bahari haina huruma.

Upepo hunyanyua zaidi pembeni, kwenye pembe na kwenye kofia (bati la kileleni). Sehemu hizo piga kila baada ya mgongo mmoja. Katikati ya paa, kila baada ya miwili. Kabla ya yote, choma papi kwa ncha ya bisibisi. Ikizama kwa urahisi, hiyo mbao imeoza au imeliwa na mchwa, na hakuna msumari utakaoshika. Badilisha.

Msimamizi wa ujenzi, Mtwara
Naongezea, maana misumari ni nusu ya kazi. Bati likishika papi vizuri na kenchi ikawa imekalia ukuta tu, upepo utaondoka na paa zima. Panda darini uangalie kila kenchi imefungwa na nini. Ukikuta misumari miwili ya kupachika pembeni, hapo hapana kitu.

Kwa nyumba iliyokwisha kujengwa, toboa ukuta chini ya lenta (mkanda wa zege juu ya madirisha), pitisha waya wa mabati wa milimita 4, zungusha mara mbili juu ya kenchi na chini ya lenta, kisha ukaze kwa kuupota. Fanya kila kenchi, usiruke. Ukifunga kwenye tofali za juu ya lenta, zitang'oka pamoja na paa. Papi nazo zifungwe kwenye kenchi kwa mkanda wa chuma.

Usiridhike kwa kuwa Januari imepita salama. Kimbunga cha Lindi cha 1952 na Kenneth cha 2019 vilikuja Aprili, Hidaya cha 2024 kikaja Mei.

Mkazi wa Mikindani
Asanteni sana. Na baraza? Majirani wameweka mawe juu.

Fundi wa kupaua, Lindi
Mawe yashushwe, tafadhali. Hayazuii bati kunyanyuka, na yakianguka yanaua mtu. Upepo unaingia chini ya baraza na kusukuma juu, kwa hiyo nguzo zake zishikwe na zege chini, na boriti ifungwe kwenye nguzo kwa mkanda wa chuma. Ukipaua upya, paa la baraza litenganishe na la nyumba, likiondoka lisiburute jingine.

Mvuna maji, Naliendele
Msisahau gata, mfereji wa maji ukingoni mwa paa. Majani ya mwembe yakiziba, maji hurudi chini ya bati na kuozesha ncha za kenchi. Paa la mita za mraba 80 likipata mvua ya milimita 50 linamwaga lita 4,000, kwa hiyo bomba la inchi 2 litazidiwa. Weka la inchi 4.