Naomba ushauri: Pasaka mbili ndani ya nyumba moja
Habari zenu wapendwa. Mimi Mkatoliki, mume wangu Mwothodoksi, tunaishi kwao Athens. Mwaka huu wa 2026 Pasaka yetu ni Aprili 5, yao Aprili 12, kwa sababu wao huipiga hesabu kwa kalenda ya Juliasi, ile ya kale. Yaani mimi nikishamaliza mfungo, wenzangu bado wamefunga: hawagusi nyama, mayai wala maziwa. Mama mkwe ameshaniita nimsaidie kupaka mayai rangi nyekundu Alhamisi Kuu, rangi ya damu ya Kristo, yale ya kugonganisha baada ya ibada ya usiku wa manane. Hapo sina neno, napenda mno! Ila pilau yangu niile kimyakimya, au niongeze wiki ya mfungo kwa heshima yake? Mlioolewa huko, mlifanyaje?