Nifanyeje ili nilielewe somo la saikolojia ya utambuzi badala ya kulikariri?

Binti wa Malimbe aliandika:

Habari za jioni ndugu zangu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa shahada ya kwanza ya ualimu hapa Mwanza, na muhula huu tunasoma saikolojia ya utambuzi, yaani ile sehemu ya saikolojia inayochunguza jinsi binadamu anavyozingatia jambo, anavyokumbuka, anavyofikiri na anavyotumia lugha. Nalipenda somo hili kwa dhati, na ndiyo maana matokeo ya jaribio la kwanza yameniumiza.

Kwa wiki mbili nilikaa kwenye vimbweta kila jioni, nikasoma madesa kuanzia mwanzo hadi mwisho mara nne, nikapaka rangi kila jina na kila mwaka: Ebbinghaus 1885, Bartlett 1932, Miller 1956, Neisser 1967. Nilipoingia chumba cha mtihani nilijiona niko tayari kabisa. Swali halikuuliza nani wala lini. Lilitaka tueleze, kwa ushahidi wa majaribio, kwa nini watafiti waliacha wazo kwamba kumbukumbu ya muda mfupi ni ghala moja. Majina yote nilikuwa nayo kichwani, lakini hoja sikuwa nayo.

Naomba kwa waliopita njia hii: somo hili linasomwaje? Je, niache kuhangaika na majina na miaka? Na lipo jambo lingine linalonisumbua: kila jaribio tunalosoma limefanyika Marekani au Uingereza, na mara nyingine najiuliza kama watu wanaozungumzwa humo ni pamoja na sisi.

Mwalimu wa Sengerema alijibu:

Pole sana mdogo wangu. Nilimaliza shahada kama hiyo miaka kadhaa iliyopita na sasa nafundisha sekondari, na kosa lako nililifanya mimi pia, tena kwa muhula mzima. Jibu la shida yako limo ndani ya somo lenyewe, na utafurahi kusikia kwamba lugha yetu ndiyo iliyotumika kulipata.

Mwaka 2008 Karpicke na Roediger walichapisha katika jarida la Science utafiti ambao wanafunzi wa chuo nchini Marekani walijifunza maneno 40 ya Kiswahili pamoja na maana zake kwa Kiingereza. Kiswahili kilifaa kwa sababu kwa vijana wale kilikuwa kigeni kabisa. Mojawapo ya maneno hayo lilikuwa mashua, neno ambalo mtoto wa Igombe, kando ya ziwa, hulijua kabla hajaanza shule. Kila neno lilipokumbukwa kwa usahihi mara moja, makundi manne yalitendewa tofauti. Kundi moja liliendelea kusoma maneno yote na kupimwa kwa maneno yote. La pili liliacha kulisoma neno lililokwisha kukumbukwa lakini likaendelea kupimwa kwalo. La tatu liliendelea kulisoma lakini halikupimwa tena kwalo. Na la nne liliacha yote mawili.

Baada ya wiki moja, makundi mawili yaliyoendelea kupimwa yalikumbuka takribani asilimia 80 ya maneno. Mengine mawili yalikumbuka kama theluthi moja tu. Tazama hapo: kundi la tatu liliendelea kusoma na kusoma, kama wewe kwenye kimbweta, na karibu halikupata faida yoyote kuliko walioacha. Jambo linalonigusa zaidi ni kwamba mwishoni mwa zoezi wanafunzi walipoulizwa watakumbuka maneno mangapi wiki ijayo, makundi yote yalikisia karibu nusu. Hawakuona tofauti iliyokuwa ikijengeka vichwani mwao. Ile hali ya kujiona uko tayari, basi, si kipimo. Unapoyarudia madesa kwa mara ya nne maneno yanateleza kwa wepesi, na wepesi huo unaudhania kuwa ni ujuzi.

Kwa hiyo, ukimaliza kurasa chache, funga daftari, chukua karatasi tupu na uandike unachokumbuka. Ndipo ufungue na kusahihisha. Kesho yake fanya tena kabla hujasoma chochote kipya. Itakuchosha kuliko kusoma, na mwanzoni utavunjika moyo kwa sababu karatasi itabaki nyeupe sehemu kubwa. Vumilia.

Mkufunzi, Bwiru alijibu:

Nakubaliana na Mwalimu wa Sengerema kuhusu kujipima, lakini naomba niongeze tahadhari, kwa kuwa naona wanafunzi wanaojipima kwa bidii na bado wanaanguka. Ukijipima kwa kujiuliza Miller aliandika mwaka gani, utakuwa hodari wa kukumbuka 1956, basi. Swali ulilopewa lilidai kitu kingine, na napenda nilijibu hapa ili uone umbo la jibu linalotafutwa.

Wazo la zamani, ambalo Atkinson na Shiffrin walilipa sura iliyo wazi mwaka 1968, lilisema kwamba kuna ghala moja dogo la muda mfupi, na kwamba ghala hilohilo ndilo tunalotumia tunapofikiri. Wazo likishasemwa hivyo, linatoa utabiri: ukilijaza ghala kwa mzigo mwingine, kufikiri lazima kukwame. Baddeley na Hitch, katika kazi yao ya mwaka 1974, waliwapa watu mfululizo wa tarakimu waushike kichwani, na papo hapo wakawataka waamue kama sentensi fupi kuhusu mpangilio wa herufi A na B ni ya kweli au si ya kweli. Watu walichelewa kujibu, lakini makosa yao hayakuongezeka kama ilivyotazamiwa. Ghala lililojaa lisingeweza kufanya kazi hiyo. Ndipo wakapendekeza mfumo wenye sehemu kadhaa: kitanzi cha sauti kinachoshika maneno na tarakimu, ubao wa picha na nafasi, na msimamizi mkuu anayegawa umakini. Mwaka 2000 Baddeley aliongeza sehemu ya nne.

Ongeza hapo mgonjwa anayejulikana kwa herufi K.F., ambaye Shallice na Warrington walimweleza mwaka 1970. Aliweza kushika tarakimu mbili hivi tu kwa wakati mmoja, ilhali uwezo wake wa kujifunza mambo ya kudumu ulikuwa mzima. Kama kila kitu hupita kwanza kwenye ghala moja la muda mfupi, mtu huyo alijifunzaje?

Kwa hiyo kila unapokutana na jaribio, liandikie sentensi tatu kwa maneno yako: wazo lilitabiri nini, watafiti walilinganisha nini na nini, na matokeo yalilazimisha wazo gani liachwe. Jina na mwaka uviweke mwishoni, kama lebo ya kukusaidia kulitaja jaribio. Viandike, usivitupe, maana mwenye kusahihisha anahitaji kujua unamzungumzia nani; ila haviwezi kubeba hoja.

Kijana wa Kirumba alijibu:

Dada, mimi niko mwaka wa tatu, na kilichonisaidia ni kuzungumza somo kwa Kiswahili kwanza katika kikundi chetu cha majadiliano, kisha kuandika kwa Kiingereza. Mtu akiweza kunieleza kitanzi cha sauti kwa Kiswahili bila kuangalia daftari, najua ameelewa. Akirudia sentensi ya mhadhiri kwa Kiingereza, sijui kama ameelewa au amekariri.

Kuhusu swali lako la mwisho, tafuta kazi ya Sternberg na wenzake iliyochapishwa mwaka 2001. Walifanya utafiti Usenge, upande wa Kenya wa Ziwa Victoria hilihili letu, na watoto 85 wenye umri wa miaka 12 hadi 15. Waliwapima ujuzi wa dawa za mitishamba, ujuzi ambao watoto wale huutumia kweli nyumbani, na pia wakawapa vipimo vya aina ya shuleni. Waliojua zaidi dawa walielekea kupata alama za chini katika vipimo vya msamiati vya shule. Ukitumia kipimo kimoja tu ungesema mtoto yule hana akili, na ungekuwa umekosea kabisa. Kwa hiyo swali lako si la pembeni. Watafiti wenyewe wanalibeba, na mimi nalichukulia kuwa swali zito kuliko yote katika somo hili.

Pia fanyeni majaribio wenyewe. Lile la Stroop la mwaka 1935 linahitaji kalamu za rangi na saa ya simu tu. Katika kazi yake, kutaja rangi za vipande 100 vya rangi kulichukua wastani wa sekunde 63.3, lakini kutaja rangi ya wino wa maneno 100 yanayotaja rangi nyingine kulichukua sekunde 110.3.

Binti wa Malimbe aliandika:

Shikamooni Mwalimu na Mkufunzi, na wewe kaka asante sana. Sikutegemea kupata majibu ya namna hii. Jana usiku tulilifanya la Stroop hosteli, tukiwa watano. Tuliandika nyekundu kwa wino wa kijani, bluu kwa wino mwekundu, na kuendelea. Rafiki yangu anayezungumza haraka kuliko sisi sote alikwama kwenye neno la tatu, akakaa kimya kama aliyesahau lugha. Leo asubuhi nilifunga daftari na kuandika sentensi tatu za Baddeley na Hitch. Mbili zilikuja, ya utabiri haikuja, nikairudia.

Ila limetokea jambo. Orodha yetu ya kulinganishia ilikuwa na vipande vingi vya bluu, na orodha ya maneno ilikuwa na wino mwekundu mwingi. Neno nyekundu lina silabi tatu na bluu lina mbili. Je, ucheleweshaji wetu si wa ulimi tu?

Mkufunzi, Bwiru alijibu:

Marahaba. Huenda sehemu yake ni ya ulimi, na swali hilo ndilo ningependa kulisoma katika karatasi yako ya mtihani. Rudieni, lakini safari hii orodha zote mbili ziwe na majibu yaleyale kwa idadi ileile: kama bluu inatamkwa mara 10 katika moja, itamkwe mara 10 katika nyingine, na nusu yenu waanze na orodha ya vipande, nusu na ya maneno. Tofauti ikibaki, ulimi hauwezi kulaumiwa. Mtafute na mtu wa sita, ili nusu zigawanyike sawa.