Kapteni Kirk kazikwa bila msiba: je, hivyo ndivyo kijiti hukabidhiwa?

Wakuu, wiki hii nimeambiwa tena kwamba filamu ya Star Trek Generations ilifanya vyema kumuua Kapteni Kirk, kwa hoja kwamba mzee asipoondoka vijana hawapati pumzi. Sikubaliani, na naomba tulichambue.

Kwa asiyeifuatilia: Kirk, yaani William Shatner, alianza kukiongoza chombo cha Enterprise kwenye televisheni mwaka 1966. Mwaka 1987 kikaja kizazi kingine, cha zama za baadaye sana, chini ya Kapteni Picard, yaani Patrick Stewart, kikaonyeshwa hadi Mei 1994. Novemba mwaka huohuo makapteni hao wakakutanishwa katika filamu moja ili mkubwa amwachie mdogo kijiti.

Kufa kwenyewe sikukatai, ingawa tumekua tukiambiwa stelingi hafi. Spock, msaidizi na rafiki wa Kirk, alikufa kwenye filamu ya 1982, na mpaka leo kifo kile kinaniuma: Kirk yuko upande wa pili wa kioo, viganja vyao vinaelekeana bila kugusana, kisha wenzao wote wanasimama mazishini. Kirk mwenyewe alifia kwenye sayari ya ugenini, mbele ya Picard ambaye ndiyo kwanza wamefahamiana, akafukiwa kwa mawe juu ya kilima. Basi.

Kasoro waliiona mapema. Mwanzoni Soran, adui wa filamu, alimfyatulia Kirk silaha mgongoni. Watazamaji wa majaribio wakachukia, timu ikarudi jangwani Nevada kupiga picha upya, safari hii daraja la chuma likiporomoka naye. Walibadilisha namna ya kufa tu, upweke wakauacha palepale.

Na tazameni nani hayupo. Leonard Nimoy, mwigizaji wa Spock, aliombwa arudi akakataa, akiona maneno ya Spock yangeweza kusemwa na mtu yeyote. Ikawa kweli: wakapewa Scotty na Chekov, wenzao wengine wa chomboni.

Wengine mnasema Kirk alishatabiri kwenye filamu ya 1989 kwamba atakufa peke yake. Hapo mna hoja, nakiri. Lakini aliyasema hayo kando ya moto, Spock na McCoy, daktari wa chombo, wakiwa ubavuni, akieleza kwamba siku ile alijua hafi kwa kuwa wawili hao walikuwa naye. Sasa mbona hawapelekewi taarifa? Katika zama za Picard, Spock yu hai, tulimwona kwenye mfululizo mwaka 1991, na Scotty mwaka 1992. Picard anazika, anarudi kwenye mabaki ya chombo chake, hadithi inaisha. Hatuoni hata mmoja wa watu wa Kirk akiambiwa kuna msiba.

Filamu iliingiza zaidi ya dola milioni 100, najua. Hilo halijibu swali.

Makabidhiano mazuri yalikwishafanyika katika kipindi cha kwanza kabisa cha kina Picard. McCoy, mzee wa miaka 137, anatembea polepole kwenye korido na Data, afisa wa Picard, anamwambia akitunze chombo nacho kitamrudisha nyumbani siku zote. Dakika chache tu. Hakufa mtu, na vijana wakadumu misimu 7.

Anayetetea kifo cha kilimani anijibu: Picard alipokea nini pale ambacho Data hakukipokea koridoni?