Mjadala: Viambato vya losheni viandikwe kwa Kiswahili, au majina yabaki yalivyo?

Mama Pacha, Nkuhungu (mleta mada)
Mbukwenyi wanajamvi. Mnaoishi Dodoma mnaujua upepo wa Julai: unanawa uso, kabla hujafika mlangoni ngozi imeshapauka. Wiki iliyopita nilikwenda Sabasaba kutafuta losheni ya wanangu. Chupa moja ilikuwa elfu nne, haina mbwembwe. Nyingine elfu kumi na nane, ina picha ya mbuyu na sifa tele za mafuta ya ubuyu. Nikabeba ya mbuyu, nikijua nimenunua cha kwetu.

Nyumbani mdogo wangu akaigeuza nyuma, akacheka. Aqua, Paraffinum Liquidum, Glycerin. Ubuyu, walioupa jina la Adansonia Digitata Seed Oil (yaani mafuta ya mbegu zake), uko mkiani kabisa, hata manukato yameutangulia. Nikarudi dukani kuisoma ile ya elfu nne: Aqua, Glycerin, Paraffinum Liquidum. Ndugu wa tumbo moja, mmoja kavaa suti!

Hoja yangu: sheria ilazimishe Kiswahili. Aqua ni maji, kwa nini wasiandike maji? Mnasemaje?

Muuza Vipodozi, Majengo
Dada, napinga, na si kwa sababu nina duka. Huu mwaka wa tisa niko kaunta. Wanaogeuza kopo nyuma nawahesabu kwa vidole. Swali ni "inang'arisha?" na "inanukia?" basi. Hayo majina ya Kilatini yana faida moja kubwa: losheni itoke Ufaransa, India au Kenya, jina ni lilelile. Ukilijua mara moja unalinganisha kopo lolote. Tukianza kutafsiri, huyu ataandika "glisirini", yule "kilainishi", mwingine "kirutubisho cha unyevu". Atakayefurahi ni mwenye cha kuficha. Na hiyo Paraffinum utaiitaje?

Mnyaturu Halisi
Itaitwa mafuta ya taa, ndipo tutajua kwa nini tunang'aa usiku 😂

Ila mimi niko na Mama Pacha. Mke wangu ana krimu ya bei mbaya, ndani kuna Helianthus Annuus Seed Oil. Nikadhani ni kitu cha Ulaya. Kumbe alizeti! Ileile tunayokaangia mayai Singida. Wangeandika "alizeti", nani angetoa hela hiyo? Ndiyo maana hawaandiki.

Mfamasia wa Makole
Mnyaturu, usitishe watu. Paraffinum Liquidum inatokana na mafuta ghafi ya ardhini, kweli, lakini ya vipodozi imesafishwa sana na si mafuta ya taa. Kazi yake ni kufunika ngozi ili maji yasitoroke. Kwa hewa kavu kama ya kwetu, Glycerin peke yake haitoshi. Yenyewe huvuta maji. Isipoyapata hewani inayavuta kutoka ndani ya ngozi. Ipake mwili ukiwa bado na unyevu wa kuoga, juu yake mafuta mazito ya mgando. Ile ya elfu nne ilikuwa inatosha kabisa.

Kuhusu kusoma: viambato hupangwa kwa uzito, kilicho kingi kwanza. Ila vilivyo chini ya 1% mtengenezaji anaruhusiwa kuvipanga apendavyo. Sasa tafuta neno Phenoxyethanol. Ni kihifadhi, na Ulaya kikomo chake ni hiyo hiyo 1%. Losheni ikifuata utaratibu huo, vinavyokuja baada yake kwa kawaida havizidi 1%. Mama Pacha, ubuyu wako uko kabla au baada?

Udhaifu wa orodha ni kwamba haisemi kiasi. Chupa mbili zina Niacinamide, aina ya vitamini B3, moja 1%, nyingine 5%, na wewe hujui. Mimi ningepigania hilo kuliko tafsiri: ukichora mbuyu mbele ya chupa, uandike na asilimia ya ubuyu.

Shangazi wa Chamwino
Wanangu, mnabishania makopo yenye maandishi. Mkorogo je, hizi krimu za kujichubua zinazochanganywa mtaani? Binti wa jirani yangu alikuwa akichotewa krimu kwa kijiko kwenye kimfuko. Haina jina wala tarehe. Mwezi wa kwanza mtaa mzima ukamsifia. Alipoacha, uso ukawaka moto, vipele vikajaa, mashavu yakaota vinyweleo. Hospitali wakamwambia ni steroidi. Hapo mngemwandikia Kiswahili wapi?

Mfamasia wa Makole
Shangazi, umegonga penyewe. Clobetasol Propionate, mojawapo ya hizo steroidi, ni dawa, na 0.05% tu kwenye tyubu inatosha kuifanya ngozi ya uso iwe nyembamba ikipakwa miezi. Hydroquinone, kemikali ya kuchubua, imepigwa marufuku kwenye vipodozi hapa nchini. Mwenye kuizoea anaweza kuishia na madoa meusi yenye ubuluu, na hayatoki kirahisi. Zebaki, inayoumiza figo, huandikwa Calomel au Mercurous Chloride, na mara nyingi haiandikwi kabisa. Ukiona maelezo yanakuonya krimu isiguse dhahabu au fedha, irudishe. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa kuhusu zebaki, uliweka kikomo cha miligramu 1 kwa kilo, na mwaka 2023 nchi wanachama zikakubaliana vipodozi vyote vyenye zebaki viondoke ifikapo 2025. Lakini kuijua ni mpaka maabara. Vipodozi viko chini ya TBS (Shirika la Viwango) tangu 2019, zamani vilikuwa TFDA (Mamlaka ya Chakula na Dawa).

Muuza Vipodozi, Majengo
Kwa Shangazi sibishi. Kila wiki kuna anayeniomba nimkorogee. Nikikataa anavuka barabara, anakorogewa.

Mama Pacha, Nkuhungu
Nimeangalia. Phenoxyethanol, halafu Parfum (manukato), halafu ubuyu. Haya.

Nabadilisha hoja: majina yabaki, lakini asilimia ya kinachotangazwa na maonyo yote yawe kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka bila miwani. Kwa Aqua bado sijashawishika, waandike maji. Losheni yenyewe pacha wanapaka na ngozi imetulia, siwezi kuisingizia. Ila jana hao hao walimaliza kumumunya ubuyu, mbegu zote nikazifagilia jalalani.