Mrejesho: paka aliyekuwa akikojoa kwenye zulia
Mwezi uliopita niliuliza kwa nini paka wangu jike, mmoja kati ya wawili ninaoishi nao ghorofani, alikuwa akikojoa kwenye zulia ilhali sanduku la mchanga lilikuwa safi. Nawashukuru mlionisihi nianze kwa daktari wa mifugo, kwani kipimo cha mkojo kilionyesha damu kidogo bila bakteria, naye akanieleza kuwa kibofu cha paka huweza kuvimba kwa msongo tu. Basi nimeweka masanduku matatu, yaani moja zaidi ya idadi ya paka, kila moja mahali pake. Lile la awali lilikuwa kando ya mashine ya kufulia, na yule dume alizoea kujilaza mlangoni akimzibia njia mwenzake. Zulia sikuweza kuliokoa, ila hii ni wiki ya tatu sijafuta mkojo sakafuni.