Kutoa ushindi wa kripto kwenye kasino ya mtandaoni: Bitcoin, Litecoin, USDT au XRP? Na upitie wapi?

Kipepeo_B
Wakuu, salamu. Nina ushindi umelala kwenye kasino moja ya mtandaoni inayolipa kwa kripto tu. Nimefungua ukurasa wa kutoa nikakutana na orodha: Bitcoin, Litecoin, USDT ya TRC-20, USDT ya ERC-20 na XRP. Kila moja ina ada yake na kiwango chake cha chini. Ninachotaka mwishowe ni pesa ya kawaida kwenye akaunti ya benki. Huyu ananiambia tuma moja kwa moja kwenye soko la kripto (kampuni ya mtandaoni ya kuuza na kununua sarafu), yule anasema pitisha kwanza kwenye pochi yako (programu ambayo funguo zake za siri unazishika mwenyewe), mwingine anasema uza tu kwa mtu binafsi. Naomba mnilinganishie kwa sababu, si kunitajia jina na kupita.

Nahodha
Kabla hujafika kwenye sarafu, hakikisha salio lenyewe ni lako. Ulichukua bonasi? Bonasi ya 100 yenye sharti la kuzungusha mara 30 maana yake uweke dau za jumla ya 3,000 ndipo ushindi uruhusiwe kutoka. Na kuna vijisharti viwili ambavyo watu huvipita macho: kikomo cha dau moja wakati bonasi iko hai, na michezo ambayo haihesabiwi kikamilifu. Ukizidisha kikomo hata mara moja, wana sababu ya kufuta ushindi wote, na sababu hiyo iko kwenye masharti uliyobofya kukubali.

Jingine ni kitambulisho. Kasino nyingi hupokea pesa yako bila kukuuliza jina, siku ya kutoa ndipo zinakumbuka sheria. Peleka hati leo, kabla hujaomba kutoa: kitambulisho, uthibitisho wa makazi, picha ya uso. Majina yafanane herufi kwa herufi na ya akaunti.

Kipepeo_B
Bonasi sikugusa, na hati zimeshakubaliwa. Twende kwenye sarafu.

Bintihesabu
Haya, nianze na kitu ambacho wengi hukiruka. Ada ziko mbili, na mara nyingi kasino inakuonyesha moja tu. Iko ada ya mtandao, halafu iko pengo la bei pale wanapokubadilishia sarafu. Kama salio lako limeshikwa kwa Bitcoin na wewe unachagua kutoa USDT, wao ndio wanaopanga bei ya kubadili. Fungua bei ya soko pembeni, piga hesabu. Pengo la asilimia 2 kwenye 1,000 ni 20, yaani linaweza kumeza mara kadhaa ile ada uliyokuwa unaikimbia.

Sasa moja moja.

Bitcoin: ada ya mtandao haifuati kiasi unachotuma. Inafuata ukubwa wa muamala kwa baiti na foleni iliyopo wakati huo. Kutuma thamani ya dola 50 na ya dola 50,000 kunaweza kugharimu sawasawa, kwa hiyo kwa ushindi mdogo Bitcoin inauma, kwa mkubwa huisikii. Bloku, yaani fungu la miamala inayothibitishwa pamoja, hutoka wastani wa kila dakika 10, na masoko mengi husubiri uthibitisho zaidi ya mmoja kabla ya kukuingizia. Bei inaweza kuyumba ukiwa bado unasubiri.

Litecoin: ipo tangu 2011, bloku zake ni za dakika 2 na nusu, ada yake mara nyingi ni senti chache, na karibu kila soko kubwa linaipokea. Haina mbwembwe, na kwangu ndiyo chaguo la kwanza kwa kiasi cha kawaida. Bei yake nayo hucheza, ila kama unaiuza ileile saa inayoingia, hatari ni ndogo.

USDT: thamani imefungwa kwenye dola, hivyo usingizi upo. Lakini ERC-20 inapita Ethereum, ambako ada hupanda mtandao ukisongamana. TRC-20 inapita Tron, bloku kila sekunde 3. Mtego wake uko hapa: ukiipokea kwenye pochi yako binafsi, huwezi kuisogeza bila kuwa na TRX kidogo, sarafu ya mtandao wa Tron, ya kulipia ada. Watu wanakaa na mamia ya dola za USDT wanazoziona tu kwa macho. Tena kutuma kwa anwani isiyo na USDT yoyote hugharimu takriban mara mbili ya ile ambayo tayari ina salio la USDT. Ukienda moja kwa moja kwenye soko, mtego huo haukuhusu.

XRP: haraka sana, sekunde chache, ada kama haipo. Ila masoko hutumia anwani moja kwa wateja wengi, wanakutofautisha kwa namba ya lebo. Ukiisahau ile lebo, pesa inafika lakini haijulikani ni ya nani, na hapo unaanza kuandikiana barua na huduma kwa wateja.

Chapuo
Mmesahau njia ya kistaarabu: badilisha iwe Monero, sarafu inayoficha miamala, au pitisha kwenye kichanganyio, huduma inayochanganya sarafu za watu wengi, hakuna atakayejua imetoka kasino. Maswali yanaisha.

Pweza_mweusi
Hapana mkuu, hapo maswali ndiyo yanaanza. Masoko hutumia programu za kufuatilia asili ya sarafu, na kitu kilichopita kwenye kichanganyio huwaka taa nyekundu kuliko kilichotoka kasino yenye leseni. Tornado Cash, kichanganyio maarufu, iliwekewa vikwazo na Wizara ya Fedha ya Marekani Agosti 2022. Vikaondolewa Machi 2025, sawa, ila maofisa wa ukaguzi kwenye masoko hawajalainika kwa sababu hiyo. Na Monero yenyewe imeondolewa sokoni na wengi, soko la Binance waliitoa Februari 2024. Kama pesa ni yako kihalali, ioneshe ilikotoka.

Kipepeo, kwenye swali la wapi upitie, mimi naona hivi. Moja kwa moja sokoni ni hatua moja, ada moja, na unauza papo hapo. Ubaya wake: baadhi ya masoko yanakataza kwenye masharti yao kupokea pesa kutoka tovuti za kamari, na wanaweza kukufungia akaunti wakati wanakuhoji. Soma masharti ya soko lako, tafuta neno kamari. Ikiwa imekatazwa, usiende huko, tafuta soko linaloruhusu.

Pochi yako mwenyewe inakupa udhibiti. Funguo ni zako, na hakuna kampuni inayoweza kuanguka ikiwa imekukalia pesa. Waliokuwa na salio kwenye masoko yaliyoanguka, FTX Novemba 2022 au Mt. Gox mwaka 2014, wanajua ninachosema. Ila tusidanganyane, pochi katikati haifichi chochote, daftari la miamala ni la wazi na yeyote anaweza kurudi hatua moja nyuma. Faida yake ni kwamba kasino ikishakulipa, imekulipa, halafu unachagua soko kwa utulivu. Gharama yake ni ada ya pili, na kazi ya kutunza maneno yako 12 au 24 ya kurejesha pochi. Yaandike kwenye karatasi. Usiyapige picha.

Kipepeo_B
Swali dogo. Anwani ya Ethereum inaanza na 0x, na naona mitandao mingine nayo ina 0x hiyohiyo. Nikikosea mtandao inakuwaje?

Pweza_mweusi
Inategemea mwenye funguo. Kwenye pochi yako, 0x ile ile ni yako Ethereum, BNB, Polygon, Arbitrum na kwingineko, kwa hiyo pesa haijapotea. Unaongeza mtandao ule kwenye pochi na unaikuta. Kwenye soko, funguo ni zao. Kama mtandao ule hawaupokei, kurejeshewa ni hisani yao, wengine wanatoza, wengine wanakataa kabisa. Ndiyo maana jina la mtandao lisomwe pande zote mbili, pale kasino na pale sokoni, siyo anwani peke yake.

Zuhura_K
Mimi nitetee kuuza mtu kwa mtu, maana naona mnaipita. Bei mara nyingi ni nzuri kuliko ya kuuza sokoni moja kwa moja, na pesa inaingia benki palepale. Lakini iwe ndani ya jukwaa linaloshikilia sarafu hadi malipo yathibitishwe, siyo kwenye kundi la gumzo.

Kanuni zangu ni ngumu. Jina la aliyetuma pesa lazima liwe lile la akaunti ya mnunuzi. Akisema "ndugu yangu ndiye anatuma", naghairi, sibishani. Siachii sarafu kwa kuonyeshwa picha ya risiti, naachia nikiona salio langu mwenyewe limeongezeka kwenye programu ya benki. Sababu ya hiyo ya jina si usumbufu wa bure: pesa ikitoka kwa mtu wa tatu aliyetapeliwa, akalalamika benki, akaunti inayofungwa ni yangu, na kurudisha sarafu haiwezekani. Na kwenye maelezo ya malipo mnunuzi asiandike neno kripto wala kasino, wala asitunge uongo. Apaache wazi.

Bintihesabu
Nakubaliana na Zuhura kwenye yote, ila kwa mtu anayetoa mara ya kwanza bado ningempeleka sokoni. Mtu kwa mtu inahitaji jicho lililozoea.

Mzuka77
Samahani naingilia. Mimi tovuti yangu inasema nilipe kwanza asilimia 10 ya kodi kwa USDT ndipo salio lifunguliwe. Wakala wao ni mstaarabu sana, tunaongea kila siku. Nilipe?

Nahodha
Usilipe hata senti. Ada halali hukatwa kwenye salio lako, haitumwi kutoka mfukoni. Na kodi unailipa kwa mamlaka ya kodi, siyo kwa wakala wa gumzo. Ukilipa hiyo itakuja ada ya uthibitisho, kisha ya kufungua akaunti. Halafu atatokea mwingine akijiita mtaalamu wa kurejesha pesa zilizoibwa, naye ataomba malipo ya awali. Huyo mara nyingi ni yuleyule kabadili jina. Kusanya anwani ulizotumia na namba za miamala, ripoti polisi na kwa soko ulilonunulia.

Kipepeo_B
Pole Mzuka. Mimi nimeamua Litecoin, moja kwa moja sokoni, masharti yao nimeyasoma na hayakatazi. Kuna la kuangalia wakati wa kutuma?

Bintihesabu
Tuma kiasi kidogo kwanza, lakini kisipungue kiwango cha chini cha kasino na pia kile cha kupokea cha soko, maana soko lina chake, na kilicho chini yake hakiingizwi. Anwani nakili kutoka sokoni penyewe, kamwe usiinakili kutoka historia ya miamala. Kuna matapeli wanaokutumia vumbi la sarafu, yaani kiasi kidogo mno, kutoka anwani iliyofanana na yako mwanzo na mwisho, wakitegemea uangalie herufi nne za mbele na nne za nyuma. Linganisha na za katikati. Kuna virusi pia vinavyobadili kilichonakiliwa, kwa hiyo soma baada ya kubandika, siyo kabla.

Andika tarehe, kiasi na bei ya siku ile. Ukiulizwa na soko au na watu wa kodi, utakuwa nayo.

Kipepeo_B
Nimeomba. Wameandika "inasubiri" na pembeni kuna kitufe cha kughairi. Hicho cha nini?

Nahodha
Hicho ni cha kukurudisha mezani. Ombi likikaa linasubiri, salio bado liko mkononi mwao, na wanajua wengi watalighairi usiku wa manane na kulichezea upya. Uingereza ilipiga marufuku kitufe hicho kwa kasino zenye leseni yake. Tafuta kwenye mipangilio kama kuna sehemu ya kufunga ombi lisighairiwe. Kama haipo, toka kwenye akaunti ufunge ukurasa. Ikibadilika kuwa "imetumwa" watakupa namba ya muamala, ibandike kwenye kivinjari cha bloku cha Litecoin, tovuti ya kutazamia miamala. Wakisema imetumwa bila namba hiyo, bado haijatoka kwao, na hapo soko lako halina la kukujibu, waandikie kasino.