Tupeane uzoefu: Toyota Raize ya injini ya lita 1.0 yenye turbo, hapa Malindi inakwenda kilomita ngapi kwa lita?

Mwana-Shela:
Salaam aleikum wandugu. Hizi Raize za cc 996 zenye turbo zimeanza kujaa mjini na kila mwenye nayo ana namba yake. Huyu anasema 12, yule 20, na wote wanaapa. Japani wameiandikia 18.6 kwa WLTC, yaani kipimo rasmi cha ulaji wa petroli. Tupeane uzoefu, lakini kwa masharti: taja njia, mwendo, AC ilikuwa imewashwa au la, na ulipima vipi. Ile namba ya dashibodi peke yake tusiilete hapa, mara nyingi inampendelea mwenye gari.

Fundi wa Maweni:
Basi tuanze na kupima, maana ugomvi wote unazaliwa hapo. Jaza mpaka pampu ikate yenyewe mara ya kwanza, halafu uache. Usikubali kuongezewa ili shilingi zikae sawa. Weka trip, kile kihesabu cha kilomita za safari, sifuri. Tangi ni lita 36, kwa hiyo tembea hadi lishuke chini ya nusu, urudi sheli ile ile, pampu ile ile, gari likiangalia upande ule ule. Sakafu ikiinama, hewa inabaki juu kwenye tangi na pampu inakata mapema.

Kisha gawanya kilomita kwa lita: 389 kwa 24.6 ni 15.8. Mtu akipima kwa lita 8 tu, kosa la nusu lita linahamisha jibu lake kwa asilimia 6. Kwa lita 24.6 kosa hilo hilo ni asilimia 2.

Tairi pia zinadanganya. Aliyetoa 195/65R16 akafunga 205/65R16 ameongeza kimo cha tairi kwa asilimia 2 hivi, na odometa, yaani kihesabu kilomita, sasa inahesabu pungufu. Gari litaonekana mlafi kuliko lilivyo.

Mzee wa Kusi:
Ahsante fundi. Mimi niseme ya njia. Malindi–Mombasa, mwendo wa 80 hadi 85 kwa saa bila kukimbizana na mabasi, AC imewashwa, tegemea kilomita 17 hadi 19 kwa lita. Ukikamata 110 utaona 14 na kushuka. Hili gari ni refu kwenda juu, na ukinzani wa hewa unaongezeka kwa mraba wa mwendo: kutoka 80 hadi 110 unakaribia maradufu. WLTC ya Japani yenyewe imeacha ile sehemu ya mwendo wa juu kabisa iliyomo kwenye kipimo cha Ulaya, kwa hiyo 18.6 si ahadi kwa mtu wa 110.

Halafu kuna upepo. Msimu wa kusi, kwenda Mombasa unaukata upepo kwa mbele, kurudi unakusukuma. Asilete namba ya kwenda peke yake. Apime kwenda na kurudi, pamoja na foleni ya Mtwapa.

Bi Gongoni:
Shikamoo mzee. Mjini ni 11 hadi 13, na si kwa sababu ya milima, Malindi hatuna. Ni safari fupi: nyumbani hadi sokoni, injini bado haijapata joto, kompyuta inaongeza petroli, ukizima imeisha safari. AC nayo kwa injini ndogo ni mzigo mkubwa, kompresa ile ile ingekuwa kwenye injini ya lita 2.0 usingeihisi. Gari likisimama linaunguruma na AC, linakunywa karibu lita moja kwa saa bila kwenda popote. Ile idle-stop, inayozima injini gari likisimama, msiitegemee, kwa joto letu AC inainyima nafasi. Na anayebadilisha betri aweke ya aina ya idle-stop, ya kawaida inakufa upesi kwa kuwashwa-washwa.

Mwana-Shela:
Na hizi zinazouzwa kama "Raize mpya, haina turbo"?

Fundi wa Maweni:
Injini nyingine hiyo. Kuanzia Novemba 2021 zile za 2WD, zinazosukumwa na magurudumu mawili, zilipewa injini ya lita 1.2 isiyo na turbo, WLTC yake 20.7. Soma namba ya chesisi kabla ya kulipa: A200A ni turbo ya 2WD, A210A turbo ya 4WD (magurudumu yote manne), A201A ndiyo 1.2, A202A haibridi. Ya 4WD imeandikiwa 17.4, kwa hiyo msiilinganishe na ya 2WD.

Kuhusu turbo: ukikanyaga taratibu unaendesha injini ya lita moja. Ukikanyaga mpaka chini, turbo inasukuma hewa ya injini ya lita moja na nusu, na petroli lazima ifuate. Zaidi ya hapo, moto ukizidi kompyuta inamwaga petroli ya ziada kupoza. Ndiyo maana gari moja, madereva wawili, namba mbili. Ukikaribia tuta, ondoa mguu mapema ukiwa kwenye D, injekta zinafunga kabisa. Ukiweka N injini inaendelea kula ili isizime, na CVT, ile gia ya otomatiki ya mkanda, haipendi mchezo huo.

Kijana wa Mokowe:
Likitoa kilomita 12 kwa lita kwa mwendo wa 80 barabara ya Garsen, barabara ile ilivyonyooka, tuanzie wapi?

Fundi wa Maweni:
Upepo wa tairi kwanza, asubuhi kabla ya kutembea, kwa namba iliyo kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva. Kisha breki. Chumvi ya bahari inakula pini za kalipa, pedi inabaki imeng'ata diski. Tembea bila kukanyaga breki sana, simama, sogeza kiganja karibu na rimu moja moja. Yenye joto kuliko mwenzake ndiyo hiyo. Piga jeki, zungusha kwa mkono. Pini zisafishwe, zipakwe grisi ya silikoni, si grisi ya beringi, inavimbisha mpira.

Halafu uliza kama kuna fundi aliyetoa themostati, ile vali inayozuia maji ya kupoza hadi injini ipate joto, "ili gari lisichemke". Huku pwani ni ugonjwa. Injini inakaa baridi, kompyuta inadhani bado asubuhi, inatia petroli nyingi muda wote. Kwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari mara nyingi utaona P0128, namba ya kosa ya injini isiyofikia joto lake. Rudisha themostati.

Ukiwa na mashine, soma fuel trim ya muda mrefu, yaani asilimia ya petroli ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza, injini ikiwa moto. Ndani ya kumi juu au chini, sawa. Ikipita +15, tafuta hewa inayoingia injini kwa kuvuja, kagua mipira na klipu zake, au pampu ya petroli iliyochoka. Oili iwe ya daraja la kitabu cha gari, 20W-50 si yake, na kwa turbo usipite kilomita 5,000.

Bi Gongoni:
Na keria ya juu ya paa itolewe kama haina mzigo.

Kijana wa Mokowe:
Keria ipo. Nitaanza na hiyo na themostati, kisha nipime fulu tangi hadi fulu tangi.